Nimesoma kwa Pendo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi, plastiki iliyoviringwa na rundo la vitabu vya hadithi, nikaambiwa niketi chini nivivishe. Kuvisha kitabu, kwa lugha yetu ya kazi, ni kukitia jalada la plastiki linalobana sawasawa, bila gundi kugusa karatasi, ili kikienda majumbani mwa watu na kurudi kiwe bado kina sura ya kitabu. Nilikuwa nimeshafanya kazi katika maktaba ya shule kwa miaka mingi na nilijiona fundi. Mratibu, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale Changamwe, alinisimamia kichwani na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Bi Rukia, usivipende sana. Hapa hatutunzi vitabu, hapa tunavitoa viende." Nilimwitikia ndio, lakini sikuelewa. Maktaba niliyoijua mimi ilikuwa na kufuli.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Shule zikifungwa, watoto wa wenye uwezo hulipiwa masomo ya ziada, na watoto wa wasio na uwezo hukaa nyumbani wakasaidia biashara za wazazi, na shule zikifunguliwa wamesahau nusu ya walichofundishwa. Basi shirika letu lilipeleka masanduku ya vitabu mitaani wakati wa likizo. Mwanafunzi wa sekondari aliazima, akasoma, akaja kutusimulia alichosoma. Aliyefanya vizuri likizo hadi likizo, mpaka akamaliza kidato cha nne, alilipiwa karo ya chuo. Ukiniuliza kama niliuelewa mpango huo, nitakwambia niliuelewa vizuri siku ile ya kwanza kuliko ninavyouelewa leo.

Kabla ya adhuhuri ua wa ofisi ulikuwa umejaa watu. Mratibu alikuwa amebandika matangazo kila ukuta: SOMA LIKIZO, INGIA CHUO BURE. Yeye ni mtu wa bara, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kwetu pwani mtoto akienda chuoni amekwenda kwa maalimu kusoma Qur'ani. Kina mama wakaja na vitoto vyao, vya kike vimefungwa mitandio, vya kiume vimevaa kanzu, kila kimoja na juzuu yake kwapani. Mzee mmoja akapita mbele.

"Maalimu wenu ni nani?"

"Mratibu ni mimi, mzee wangu."

"Sikuuliza mratibu. Nauliza atakayewasomesha hawa watoto ni nani. Wewe wajua kusoma?"

"Nina shahada."

"Shahada sote tunayo, alhamdulillahi. Nauliza kusoma."

Mratibu alinigeukia, jasho likimtoka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya plastiki yangu, nacheka mpaka mbavu zinauma. Tuliwapa watoto biskuti, tukawaomba radhi wazazi, na siku ya pili tangazo likabadilishwa, chuo kikawa koleji. Nilidhani tatizo la maneno limekwisha.

Baada ya muda nilihamishiwa Kisauni, kituo cha Ziwa la Ng'ombe, na huko ndiko nilikojifunza kusikiza. Kusikiza kwetu kulikuwa kazi maalumu. Mwanafunzi anaketi mbele yako, kitabu kimefungwa na kiko upande wako wa meza, naye anakusimulia. Humuulizi majina ya wahusika wala ukurasa, kwa sababu hayo huibwa kwa mwenzake mlangoni. Unamuuliza nani alimuudhi, na wapi alitamani kumshika mtu mkono amwambie usiende. Aliyesoma hujisahau akaanza kugombana na kitabu. Asiyesoma huanza kukusifia mwandishi. Wale waliosoma ukurasa wa mwanzo na wa mwisho tukiwaita wachunguliaji, na wallahi walikuwepo wengi, tena wenye ndimi tamu.

Nilikuwa hodari wa kusikiza, lazima niseme, maana katika kazi ile hakukuwa na jambo jingine nililokuwa na hakika nalo. Mama mmoja alinijia pale akaniuliza, "Bi Rukia, mwanangu amemaliza sanduku zima. Akikosa hiyo koleji, itakuwa amesoma ya nini?" Nilimjibu maneno mengi kuhusu faida ya kusoma, na kila nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kujisikia ovyo, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kuuliza hivyo. Tulimpelekea mtoto kitabu mkono mmoja na karo mkono wa pili, sasa tunashangaa anaangalia mkono wa karo. Nikampelekea Mratibu swali lile. Naye alikuwa amepandishwa cheo, vituo vyote vya ng'ambo ya kisiwa viko chini yake.

"Kwanza wasome kwa ajili ya karo," akasema. "Kupenda kutakuja baadaye."

"Na kusipokuja?"

"Tutakuwa tumemlipia mtoto karo. Sasa hasara iko wapi, Bi Rukia?"

Hasara sikuiona, na bado nilirudi kituoni nimenuna.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Likoni, mtaa wa Bofu. Huko ndiko nilikowajua Mwanaisha na Pendo, na ninaandika haya yote kwa sababu yao.

Mwanaisha alikuwa mtoto wa muuza viazi karai. Shule zikifungwa, mama yake alimwachia karai lote: kumenya, kuchemsha, kukoroga unga wa rangi, kuchovya, kukaanga, kumimina ukwaju. Pendo alikuwa jirani na mwenzake wa darasani, baba yake kibarua bandarini, nyumbani kwao wadogo zake wengi hata pa kuweka mguu hapana. Wote wawili walijiandikisha kwetu. Wote wawili walichukua kadi za kuazimia.

Mwanaisha nilimsikiza mimi. Jamani! Mtoto yule alikuwa akiingia anaanza kulalamika kabla hajaketi. "Shikamoo Bi Rukia, yule mume mjinga yule, kwani haoni?" Kisha anakushusha ndani ya kitabu, anakuonyesha mahali mwandishi alipodanganya, mahali alipochoka, mahali ambapo mtu alisema jambo akimaanisha jingine. Kuna vitabu nilivyovisoma mara nyingi, na nilivielewa siku alipokuja kunisimulia yeye. Nilimpa alama za juu likizo baada ya likizo, na sikumpendelea.

Pendo alisikizwa na Mratibu mwenyewe, maana kanuni ilisema marafiki wasisikizwe na mtu mmoja. Msichana mpole, mrefu, anatazama chini. Akiulizwa kitabu kinahusu nini, anasema, "Ni kizuri." Akiulizwa nani alimuudhi, anasema, "Hakuna." Mratibu alimhurumia lakini akamwandika mchunguliaji, na nilipozisikia habari zile niliona amefanya sawa.

Ikafika zamu ya Likoni kutoa mwanafunzi wa kulipiwa karo. Nafasi ilikuwa moja. Mwanaisha alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zinazomtosha kuingia koleji ya uuguzi, na karo mama yake hakuwa nayo kabisa, si ya muhula mmoja wala ya nusu yake. Kwa upande wetu hakuwa na mshindani. Kilichobaki ni kuonana tu na Mkurugenzi, ambaye alikuja kutoka Nairobi, mama wa makamo, mcheshi, aliyefika akilalamikia foleni ya feri na kuuliza viazi vizuri vinauzwa wapi. Nilifurahi. Nilijiambia huyu na Mwanaisha watapatana.

Mratibu akamtambulisha. "Huyu, Madamu, ndiye msichana anayetembea kila siku kwenda kusoma kwa rafiki yake. Yeye mwenyewe aliniambia, vitabu vyote amesoma kwa Pendo."

"Pole, mama," Mkurugenzi akamwambia Mwanaisha. "Kwenu hakuna stima ya taa?"

"Stima iko."

"Kuna kelele?"

"Kelele pia iko, lakini nimeizoea."

"Sasa mbona unaenda kusomea kwa kina Pendo?"

"Siendi. Nasomea kwetu."

Mratibu akaingilia. "Si uliniambia umesoma kwa Pendo?"

"Ndio. Vyote nimesoma kwa Pendo."

"Nyumbani kwao."

"La, nyumbani kwetu."

"Pendo anaishi kwenu?"

"La, yuwakaa kwao."

Mkurugenzi alivua miwani. Mratibu akawa anamtazama Mwanaisha, kisha mlango, kisha Mwanaisha. Mle chumbani mtu aliyeelewa alikuwa mimi peke yangu, na sikujua kama kueleza kutamuokoa au kutammaliza.

Marehemu babangu alikuwa akihudhuria darsa msikitini. Maalimu alishika kitabu, akisoma na kufafanua, na wao wameketi kitako wanasikiza mpaka kitabu kikaisha, hata kama kimechukua mwaka mzima. Babangu alikuwa akivitaja vitabu hivyo kwa fahari: hiki nimesoma kwa fulani, kile nimesoma kwa fulani. Kitabu chenyewe huenda hakuwahi kukishika. Na hakuna mtu katika mtaa wetu aliyewahi kumwambia hakusoma. Kusoma kwa mtu ni kuketi mbele yake akufunulie kitabu, na ukishaketi, unamtaja maisha yako yote.

"Bi Mkurugenzi," nikasema, "huyu hasemi nyumbani kwa Pendo. Asema Pendo ndiye aliyemsomesha."

"Amefundishwa na Pendo?"

Mwanaisha mwenyewe akajibu, bila wasiwasi hata kidogo, kwa sababu hakuona jambo la kuficha. "Mikono yangu huwa na unga na mafuta. Na Bi Rukia hapa hataki doa kwenye vitabu vyake. Basi Pendo huja akaketi kwenye ndoo, akashika kitabu akasoma, mimi nikikaanga. Tukimaliza namtilia viazi."

"Vitabu vyote?"

"Vyote."

"Kwa hivyo wewe hukusoma," Mkurugenzi akasema polepole. "Ulisomewa."

"Nimesoma," Mwanaisha akasema. "Kwa Pendo."

Nilijaribu kueleza habari za darsa. Nilieleza vibaya, nikaanza na babangu nikaishia sijui wapi, na Mkurugenzi alinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mtu anayekuonyesha njia ya mahali usipokwenda. Hakuwa mtu mbaya. Alipoona nimeishiwa, aliinamia meza akamwambia Mwanaisha kwa sauti ya mama, "Unajua kusoma mwenyewe, si ndio? Mtihani ulifanya kwa macho yako. Bila shaka kuna vitabu ulivyovishika mwenyewe ukasoma, hata kidogo kidogo. Niambie tu hivyo, tumalize."

Sote tulielewa anachompa. Mratibu alitikisa kichwa kumhimiza. Mimi moyoni nilikuwa nasema, sema ndio mwanangu, sema ndio, hili ni jambo dogo.

Mwanaisha alifikiri. "Mama, likizo zote hizo Pendo amenisomea mpaka koo likamkauka. Nikisema nimesoma mwenyewe, nitakuwa nimemkana."

Mkurugenzi akaamuru Pendo aitwe. Alikuwa barazani nje, amemsindikiza mwenzake. Akapewa kitabu asichokijua, akaambiwa asome. Akasoma. Nimesikia watu wengi wakisoma katika kazi yangu, na sauti kama ile sijaisikia tena. Kila mtu kitabuni alikuwa na pumzi yake. Mkurugenzi alimwacha akaendelea kupita alipokusudia, kisha akamuuliza, "Haya, nini kimetokea?"

Pendo akamgeukia Mwanaisha.

"Usimwangalie yeye. Wewe ndiye umesoma sasa hivi."

"Mimi huwa nasoma tu," Pendo akasema. "Nikisoma sisikii. Ajuaye habari ni Mwanaisha."

Mwanaisha, ambaye hakuulizwa, akasema, "Kwani hujaona? Yule dada mkubwa anataka kuondoka, na hataki wa nyumbani waambiwe."

Mkurugenzi alicheka, akaacha kucheka, akanigeukia mimi. "Sasa Bi Rukia, wewe ndiye mtu wa vitabu. Kati ya hawa wawili, nani amesoma?"

Nilifungua mdomo. Maisha yangu yote nimeshika vitabu, nimevivisha, nimevipanga, nimewasikiza watoto wa watu mpaka masikio yakazoea uongo wa kila aina. Nikisema Mwanaisha, basi macho ya Pendo yalikuwa yakifanya nini? Nikisema Pendo, basi kile nilichokuwa nikikisikiza likizo zote zile ni kitu gani? Nikasema, "Wote wawili." Mkurugenzi akasema kwa upole kwamba nafasi ni moja.

Nafasi akapewa Pendo. Kanuni ilisema mwanafunzi awe amesoma vitabu, na macho yaliyopita juu ya kurasa zile yalikuwa yake. Alama zake za mtihani zilimtosha koleji ileile. Mratibu alifuta neno mchunguliaji kwa mkono wake mwenyewe na mpaka leo hafurahii kukumbushwa.

Pendo alikataa. Alikuja kwangu analia, anasema hawezi kuchukua kitu cha mwenzake. Nilimpeleka kwa Mwanaisha, nikijua nampeleka mahali pa kutukanwa, na nilikuwa tayari kukaa katikati. Mwanaisha hakuacha hata kugeuza viazi. "Enda, bwana! Mmoja wetu lazima ashike kitabu. Enda ukasome, nami nipate kusoma." Pendo akaenda. Nilimsifu Mwanaisha siku ile kwa ukarimu wake, na sasa sijui kama nilimsifu au nilijifariji mwenyewe.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Waliniandalia sherehe ndogo ya pilau na soda, wakanipa chupa ya chai na kanga, na Mratibu akatoa hotuba akasema nimesaidia watoto wengi wa ng'ambo hizi kuingia chuo, na wazee wa Bofu waliokuwepo wakaangaliana. Ni kweli nimesaidia. Nakutana nao: mmoja karani wa mizigo bandarini, mmoja mwalimu Bamburi, mmoja anapima damu hospitalini na hunisalimia kwa sauti mpaka naona haya. Sijui hata mmoja kama bado anasoma. Siwaulizi, naogopa. Vijana mnaoifanya kazi ile sasa mkiniuliza mbinu, nitawapa zote, za kuvisha na za kusikiza. Mkiniuliza kama ni halali kumvuta mtoto kwenye kitabu kwa karo, nitawaambia mlipe karo na msinilaze macho usiku kucha.

Mwezi uliopita nilipita Bofu baada ya alasiri nikatamani viazi. Mwanaisha yupo palepale, karai ni jipya. Kwenye chupa ya ukwaju ameegemeza simu, sauti juu, na kutoka kwenye simu Pendo anasoma. Yuko mwaka wa pili. Anasoma maelezo ya darasani kuhusu watoto wachanga, kwa sauti yake ileile, na wateja wamesimama na sahani zao kimya.

"Rudia hapo," Mwanaisha akasema.

"Wapi?"

"Hapo kwa mtoto aliyekaukiwa maji. Umepita mbio, hukuelewa."

"Nimeelewa."

"Haya nieleze."

Kwenye simu nikasikia Pendo akirudisha kurasa nyuma. Mwanaisha akageuza viazi na kumweleza, kwa nini macho hudidimia, kwa nini mtoto hulia bila machozi, kipi kianze na kipi kifuate. Kule upande wa pili Pendo alikuwa akisema ehe, ehe, na nilisikia kalamu yake ikienda.

Mama mmoja katika foleni alikuwa na mtoto begani. Akasogea. "Mwanangu yuwahara tangu asubuhi. Huyu naye ni hivyo?"

Mwanaisha alifuta mikono kwenye kanga yake, akamtazama mtoto macho, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu na kuiachia. Akauliza kama ananyonya. Akamwambia yule mama asiache kumnyonyesha, na akapate ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ampe kidogo kidogo kwa kijiko, ila aende zahanati sasa hivi, asingoje kesho. Alisema bila kujionyesha, na yule mama alikuwa akimtazama mdomoni.

"Ahsante, dada. Kumbe umesomea?"

"La," Mwanaisha akasema, na akaielekeza simu kwa upawa wake. "Mimi sikusoma. Aliyesoma ni yule."

Yule mama alishukuru akaondoka mbio na mtoto wake. Mwanaisha akaniuliza kama nataka ukwaju mwingi au kidogo, nami nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.